Kibali cha kukopa kisichotumika kifutwe

Tarehe 15 Machi 1921, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mjini London mkataba uliowapa Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite Tanganyika bila vikwazo. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wa mkataba ulikuwa milele. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Julius Nyerere alisimama Bungeni akasema Tanganyika huru haitafungwa na ahadi hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Uingereza ilikabidhiwa nchi hii kwa muda tu, na aliyekabidhiwa kwa muda hana uwezo wa kutoa haki ya milele.

Hoja hiyo inafaa kutumika leo katika jambo linalojadiliwa kidogo mno Dodoma: vibali vya kukopa ambavyo Serikali inavyo mkononi lakini haivitumii. Tunazungumza sana juu ya deni lililokwisha kuchukuliwa. Deni ambalo limeidhinishwa, likasainiwa, likapigiwa makofi, kisha likalala, halizungumzwi. Kila kibali cha kukopa, kiwe cha hatifungani, cha mkopo wa nje au cha dhamana ambayo Serikali inaliwekea shirika lake, kinapaswa kuwa na tarehe ya kufa. Kikifika tarehe hiyo hakijatumika, kifutwe, na anayekitaka tena aje aombe upya mbele ya wananchi.

Nayasema haya nikiitazama Kigoma. Mkoa huu umesubiri fedha zilizoidhinishwa kwa muda mrefu kuliko mikoa mingi, hivyo kama kufuta vibali kungekuwa na madhara, Kigoma ingekuwa ya kwanza kuyaona. Naamini kinyume chake: Kigoma ni ya kwanza kuumizwa na vibali vilivyolala.

Kibali kinavyozaliwa

Tanzania hukopa kwa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura 134, iliyotungwa mwaka 1974 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa. Sheria hiyo inampa Waziri wa Fedha uwezo wa kukopa kwa niaba ya Jamhuri ya Muungano, akishauriwa na Kamati ya Taifa ya Kusimamia Madeni. Bunge halipitishi mkopo mmoja mmoja. Linapitisha bajeti, na ndani ya bajeti mna kiwango cha jumla cha kukopa. Kwa mwaka 2024/25, bajeti ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Serikali ilipanga kukopa trilioni 6.62 kutoka soko la ndani. Kati ya hizo, trilioni 4.02 zilikuwa za kulipia dhamana za Serikali zinazoiva, na trilioni 2.60 za kugharamia miradi.

Kwa soko la ndani utaratibu una nidhamu yake. Benki Kuu hutoa ratiba ya minada, hatifungani huuzwa, na mwaka wa fedha ukiisha kiwango kilichobaki hakihamii mwaka unaofuata bila kupangwa upya. Idhini ya matumizi nayo hufa tarehe 30 Juni. Watu wa halmashauri wanaijua tarehe hiyo kwa uchungu, maana fedha iliyochelewa kufika mwezi Juni inaweza kurudi Hazina kabla mafundi hawajalipwa.

Mkopo wa nje hauko hivyo. Ukisainiwa leo unaweza kukaa miaka kadhaa bila senti moja kuchotwa. Mkataba wenyewe huwa na tarehe ya mwisho ya kuchota fedha, lakini tarehe hiyo husogezwa kwa barua kati ya Hazina na mkopeshaji. Mbunge wa Kasulu hapati nakala, na diwani wa Ujiji hapati habari. Kwa hiyo tuna nchi ambayo fedha ya kujenga choo cha shule hufa baada ya miezi 12, ilhali ahadi ya kukopa mamilioni ya dola inaweza kuongezewa uhai tena na tena bila mtu kusimama kueleza kwa nini.

Dhamana kwa mashirika ya umma ni kundi jingine. Serikali hutoa ahadi kwamba shirika likishindwa kulipa, Mfuko Mkuu utalipa. Ahadi hiyo ikikaa bila kutumika huonekana haina gharama, lakini mkopeshaji anayechunguza vitabu vyetu huihesabu kama mzigo unaoweza kutuangukia siku yoyote.

Gharama ya kulala

Gharama ya kwanza ni ada ya kusubiri. Wakopeshaji wengi hutoza asilimia fulani kwa mwaka juu ya fedha iliyoahidiwa ambayo haijachotwa. Benki ya Dunia, kupitia dirisha lake la mikopo ya kawaida, kwa miaka mingi imetoza asilimia 0.25. Mfuko wa Maendeleo wa Afrika, ambao ni dirisha nafuu la Benki ya Maendeleo ya Afrika, hutoza asilimia 0.5 baada ya muda mfupi wa msamaha. Ni haki kusema pia kwamba IDA, dirisha nafuu la Benki ya Dunia, kwa miaka mingi imeiweka ada hiyo kuwa sifuri. Kwa hiyo si kila mkopo uliolala unakula fedha. Lakini kwa ule unaokula, dola milioni 100 zilizolala kwa asilimia 0.25 zinatugharimu dola 250,000 kila mwaka, na hatujapata hata tofali. Ni sawa na mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, anayelipa kodi ya stoo ambayo haijaingia gunia hata moja.

Gharama ya pili ni kubwa kuliko hiyo, na haionekani kwenye risiti yoyote. Mradi ukisubiri mkopo nafuu uliolala, mahitaji hayasubiri. Serikali hulazimika kutafuta fedha mahali pengine, na mahali pa haraka ni soko la hatifungani. Aprili 2021 Benki Kuu ilipouza hatifungani ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka. Shilingi bilioni 100 zikikopwa kwa riba hiyo zinadai bilioni 15.95 kila mwaka. Mkopo nafuu wa kiasi hicho, wenye tozo ya huduma ya asilimia 0.75, unadai milioni 750. Najua mkopo wa nje una hatari ya kushuka kwa shilingi, na hesabu ya mwisho haiwi rahisi hivyo. Hata ukiweka hatari hiyo kwenye mizani, pengo bado ni kubwa. Basi mkopo nafuu ukilala, hasara yake halisi ni ile riba ya ndani tunayolipa badala yake, na ada ya kusubiri ni sehemu ndogo tu.

Gharama ya tatu ni upotofu wa hesabu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ilionyesha kwamba deni la Serikali lilipanda kutoka shilingi trilioni 82.25 Juni 2023 hadi trilioni 97.35 Juni 2024. Hizo ni fedha zilizokwisha kupokelewa. Mkopo uliosainiwa usiochotwa haumo humo. Kila mwaka tunaambiwa deni ni himilivu, na kwa vigezo vilivyowekwa kauli hiyo ina msingi: thamani ya sasa ya deni ilikadiriwa kuwa asilimia 41.1 ya Pato la Taifa, chini ya ukomo wa asilimia 55. Lakini tathmini hiyo hutazama mbele kwa kukadiria mikopo gani itatoka na lini. Ndani ya orodha ya mikopo hiyo mkiwa na iliyokufa bila kuzikwa, makadirio yanapinda. Mkopo ambao hautatoka kamwe unachukua nafasi ambayo mradi ulio tayari ungeitumia. Na ile iliyolala ikiamka yote kwa pamoja, deni litaruka kwa kiasi ambacho hakuna aliyejiandaa nacho.

Kigoma na ahadi zilizopishana

Mwaka 2008, Marais Jakaya Kikwete na George W. Bush walitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kati ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, MCC. Ndani yake mlikuwa na mradi wa umeme wa maji katika maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi, wa megawati 8. Kwa mji uliokuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli, megawati 8 zilikuwa nyingi. Utafiti wa mazingira ukaonyesha kwamba maporomoko yale yana samaki na konokono wasiopatikana kwingine duniani. Mradi ukaondolewa kwenye mpango, na Kigoma ikapewa mradi mdogo wa umeme wa jua kwa shule, zahanati na masoko ya vijijini.

Watu wengi Kigoma walisononeka, na walikuwa na haki. Hata hivyo tazama jinsi mkataba ule ulivyofanya kazi. Ulikuwa na miaka 5 kamili, kuanzia Septemba 2008 hadi Septemba 2013, na fedha ambayo haikutumika isingeongezewa muda. Kwa sababu saa ilikuwa inakwenda, ilibidi uamuzi ufanywe: ama mradi unajengeka, ama fedha inatafutiwa kazi nyingine. Ule ulikuwa msaada, haukuwa mkopo, lakini somo lake linahusu mikopo moja kwa moja. Tarehe ya mwisho ililazimisha ukweli kusemwa mapema.

Na kufutwa kwa kibali hakukuua mto. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 140 kwa mradi mpya wa Malagarasi: milioni 120 zake yenyewe na milioni 20 kutoka mfuko inaousimamia pamoja na China. Mradi huu ni wa megawati 49.5, zaidi ya mara sita ya ule wa kwanza. Kigoma haikupoteza haki yake ya umeme kibali cha zamani kilipofutwa. Ilichopoteza ni muda, na muda huo ulipotea kwa sababu hakukuwa na mpango wa pili uliokuwa tayari.

Lakini hata Malagarasi mpya inatufundisha. Toka mkopo uidhinishwe hadi mkandarasi akabidhiwe kazi ilipita zaidi ya miaka miwili. Zabuni, mhandisi mshauri, fidia ya ardhi na barabara ya kufikia eneo la mradi ni kazi ambazo sehemu yake kubwa ingeweza kufanyika kabla ya kusaini.

Uwanja wa ndege wa Kigoma una simulizi inayofanana. Upanuzi wake ulifungwa pamoja na ule wa Tabora, Shinyanga na Sumbawanga katika mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Wakazi wa Mwanga na Gungu mjini Kigoma walilisikia jina la mkopo huo katika hotuba za bajeti za miaka mingi kabla ya kuona greda. Viwanja vinne vilivyo katika hatua tofauti vikiwekwa chini ya kibali kimoja, kilicho tayari hukingoja kisicho tayari.

Sasa iko reli ya kisasa. Desemba 2022 Shirika la Reli Tanzania lilisaini mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha dola milioni 696.41 kwa Tanzania na Burundi kwa ajili ya kipande hicho na kile cha Uvinza kwenda Musongati. Sehemu ya Tanzania, dola milioni 597.79, ni mikopo na dhamana. Fedha iliyobaki inatafutwa kwa wakopeshaji wengine, kila mmoja na masharti yake, ada yake na tarehe zake. Reli hii ndiyo itakayoamua kama bandari ya Kigoma itarudi kuwa lango la mashariki ya Kongo na Burundi. Hakuna mahali ambapo nchi inahitaji zaidi orodha safi ya vibali: kipi kimechotwa, kipi kinasubiri, kipi kimepitwa na wakati.

Wengine wamefanya nini

Jimbo la Maine, Marekani, limeliandika jambo hili ndani ya katiba yake. Hatifungani iliyoidhinishwa kwa kura ya wananchi isipotolewa ndani ya miaka 5, haiwezi kutolewa tena. Bunge la jimbo lina miaka 2 ya kuamua: ama liongeze muda, ama lifute. Likikaa kimya, kibali kimekufa. Huo ndio moyo wa utaratibu mzuri: ukimya haumpi mkopaji ruhusa, unamnyima.

Jirani zetu Uganda wanalo jambo moja la kutufunza. Kwa ibara ya 159 ya katiba yao, Serikali haikopi bila idhini ya Bunge, na mikopo hupelekwa bungeni mmoja mmoja. Kwa hiyo wabunge wanajua walichokipitisha, na Mkaguzi Mkuu wao amekuwa akiwarudishia taarifa ya mikopo ambayo haijachotwa na ada iliyolipwa kwa ajili yake. Utaratibu huo haujaizuia mikopo kulala Uganda, maana idhini ya kila mkopo bila tarehe ya kufa ni nusu ya dawa. Lakini umewapa wananchi uwezo wa kuijua kwa majina.

Kenya imeonyesha gharama ya kuchelewa kufuta. Septemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alilifuta bwawa la Kimwarer, katika kaunti ya Elgeyo-Marakwet, baada ya kamati ya wataalamu kuona gharama zimetiwa chumvi. Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini bima ya mkopo kutoka Italia kwa ajili ya mabwawa ya Kimwarer na Arror, ya mabilioni ya shilingi za Kenya, ilikuwa imekwisha kulipwa. Kwa mikopo ya mashirika makubwa ya kimataifa, kufuta fedha ambayo haijachotwa kwa kawaida hakuna adhabu. Kwa mikopo ya kibiashara, bima na tozo za mwanzo hazirudi. Kwa hiyo swali la kufuta linapaswa kuulizwa mapema, tena kwa ratiba.

Kibali kilichokomaa

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilizindua hatifungani ya kijani ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5. Iliomba shilingi bilioni 53.12, ikapata bilioni 54.72, kisha ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mradi ulijulikana, kiasi kilijulikana, dirisha la kuuza lilifunguliwa na kufungwa kwa tarehe, na chanzo cha marejesho ni ankara za maji. Kibali hakikupata nafasi ya kulala.

Siku moja Kigoma/Ujiji nayo inaweza kufika huko. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaziruhusu halmashauri kukopa kwa idhini ya Waziri. Manispaa hii tayari imepitia miradi ya fedha za Benki ya Dunia, ule wa miji ya kimkakati ulioanza mwaka 2010 na sasa TACTIC unaohusu miji 45, na barabara za lami zilizotokana nayo zinaonekana. Lakini mwekezaji atakayenunua hatifungani ya mji wa Kigoma atauliza kwanza: huu mji una vibali vingapi vilivyosimama, na nani atalipwa kabla yangu? Vibali visivyo na mwisho vitaufanya mji ulipe riba ya juu kabla haujaanza.

Mambo matano ya kufanya

La kwanza, Sura 134 irekebishwe iweke ukomo. Napendekeza miaka 3 kwa mkopo ambao haujachotwa hata kidogo, na miaka 5 kwa dhamana ya shirika ambayo haijatumika. Muda ukiisha kibali kinafutika chenyewe, isipokuwa Waziri awe ameleta sababu mbele ya Bunge na Bunge likakubali kuongeza mara moja tu.

La pili, kila hotuba ya bajeti iambatane na jedwali la mikopo isiyochotwa: jina la mradi, wilaya, mkopeshaji, mwaka wa kusaini, kiasi, kilichotoka, kilichobaki, ada iliyolipwa mwaka huo na sababu ya kuchelewa. Jedwali hilo libandikwe pia kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri inayohusika. Kigoma/Ujiji isione hili kuwa geni. Mwaka 2016 manispaa hii ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za mitaa duniani zilizoanza mpango wa majaribio wa Ushirikiano wa Serikali Wazi. Tanzania ilijitoa katika ushirikiano huo mwaka 2017, na safari ya manispaa ikakatika. Uwazi wa madeni hauhitaji uanachama wowote wa kimataifa. Unahitaji karatasi, gundi na nia.

La tatu, kusiwe na kibali kipya kwa sekta ambayo ina kibali cha zamani kilichopita muda wake bila kutumika, mpaka cha zamani kifutwe au kielezwe. Waziri anayetaka mkopo mpya wa barabara aanze kwa kuonyesha wa zamani umefikia wapi. Sharti hili peke yake litawafanya wakurugenzi wengi wafungue mafaili yaliyofungwa.

La nne, utayari utangulie saini. Fidia ya ardhi iwe imetengewa fedha, usanifu uwe umekamilika, tathmini ya mazingira iwe imekwisha. Wale konokono wa Igamba walikuwa mtoni kabla ya mwaka 2008. Walistahili kuhesabiwa kabla ya kalamu kuguswa.

La tano, na kwa Kigoma ndilo la maana kuliko yote, kufuta kibali kusifute mahitaji. Mradi ambao mkopo wake umefutwa ubaki kwenye orodha ya taifa ya miradi, na upewe nafasi ya mbele katika ombi linalofuata, ili mkoa usiadhibiwe kwa uzembe wa ofisi zilizo mbali nao. Bila kifungu hiki nitakuwa wa kwanza kuupinga muswada wowote wa kufuta vibali. Mikoa yenye miradi migumu, yenye umbali mrefu na wakandarasi wachache, ndiyo ambayo mikopo yake huchelewa. Tukifuta kwa upanga mmoja tutahamisha fedha kutoka Buhigwe na Kakonko kwenda kwenye majiji ambayo tayari yana kila kitu.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wanaosema kibali kisichotumika ni akiba ya siku ya dharura. Akiba ya dharura ina utaratibu wake. Benki ya Dunia inayo mikopo maalumu inayosubiri majanga, na hata hiyo ina muda wa kuchota wa miaka 3 ambao huombewa nyongeza. Mkopo wa kupanua uwanja wa ndege hauwezi kugeuzwa kuwa fedha ya mafuriko ziwa linapofurika. Kuuita akiba ni kujifariji.

Wapo wanaohofia kwamba wakopeshaji watachukia. Mkopeshaji makini naye ana fedha iliyofungwa, na bodi yake inamuuliza kwa nini haitoki. Nchi inayosema mapema kwamba mradi fulani hauko tayari, kisha ikaomba fedha ihamishiwe ulio tayari, hujenga heshima.

Wapo pia wanaosema Bunge lina mambo mengi, haliwezi kufuatilia kila mkopo. Lakini Bunge hili hili lina Kamati ya Hesabu za Serikali na lina CAG anayeliletea ripoti kila mwaka. Na Kigoma hasa haiwezi kusema haina watu wa kulisemea jambo hili. Zitto Kabwe aliongoza kamati hiyo ya hesabu akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini. Dk. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe, aliongoza Wizara ya Fedha kuanzia mwaka 2015 hadi 2021. Mkoa uliotoa msimamizi wa hesabu za nchi na Waziri wa Fedha una haki na uzoefu wa kuongoza mjadala huu, bila kujali chama.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa mkopo uliolala hata harusi haikuwapo, na matanga tunayalipia kwa ada ya kila mwaka.

Wabunge wa Kigoma, wa vyama vyote, mnapokwenda Dodoma kwenye bajeti ijayo, ulizeni swali moja kwa maandishi: ni mikopo mingapi inayotaja wilaya zetu, ilisainiwa lini, na imebaki kiasi gani bila kuchotwa? Jibu likija, lisomeni hadharani Mwanga, Kasulu na Kibondo. Kisha lileteni Bungeni pendekezo la kuweka ukomo katika Sura 134. Serikali inayokopa kwa niaba ya wananchi imekabidhiwa madaraka kwa muda. Haina haki ya kuwaachia wajukuu wetu ahadi isiyo na mwisho, na kibali ambacho haikukitumia kwa wakati inapaswa kukirudisha kwa waliokitoa.